Kabla hamjapiga picha ya bustani, ulizeni kiwanja ni cha nani

Mhariri,

Nianze kwa salamu halafu niende moja kwa moja kwenye kilichoniudhi. Makala za wanawake na bustani za mjini sa hizi zimekuwa nyingi kwenye magazeti na zote zinafanana, mama kasimama katikati ya magunia ya mboga anatabasamu, chini ya picha kumeandikwa amejikomboa kiuchumi, na pembeni yuko mgeni rasmi kashika keni ya kumwagilia ambayo ukiiangalia vizuri unaona haina hata tone la maji. Sipingi bustani jamani. Mi mwenyewe nalima na niko kwenye kikundi miaka mingi tu, ndo mweka hazina wao. Ninachogombana nacho ni hilo neno kujikomboa linavyogawiwa hovyo, maana mtu akipewa mbegu na gunia na keni akaachwa hapo hajakombolewa bado, kaongezewa kazi.

Na kazi alikuwa nayo ya kutosha. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 likasema dunia nzima kila siku zinatumika saa bilioni 16.4 kwenye kazi za nyumbani na za kulea ambazo halipwi mtu, na asilimia 76.2 ya hizo saa ni za wanawake. Yaani robo tatu na ushee. Sasa mchukue huyo huyo ambaye ameshaamka alfajiri kapika kafua kaogesha watoto kampeleka mgonjwa hospitali, halafu mwambie tumekuletea mradi, utamwagilia asubuhi na jioni, utatafuta mbolea, utafukuza kuku wa jirani, zikikomaa utapika hizo hizo mboga nyumbani na zinazobaki utauza ukiwa umechoka, na hela ikipatikana inaishia kwenye sabuni na madaftari ya watoto. Mwisho wa mwaka anakuja mtu na fomu anahesabu magunia, anaandika, anaondoka, mradi umefanikiwa. Saa zake hakuna anayezihesabu.

Ndo maana mi naona tunauliza swali ambalo siyo. Badala ya kuuliza wanawake wangapi wanalima, tuulize karatasi ya kiwanja ina jina la nani na funguo za sanduku la hela zinakaa kwa nani. Hayo mawili yakijibika vizuri bustani inamnyanyua mama, yasipojibika ni kazi ya ziada yenye majani.

Niseme kwanza kidogo kuhusu gunia lenyewe, kwa sababu wengi wanaoliandika hawajawahi kulijaza. Unaweka udongo uliochanganywa na samadi au mboji chini, halafu unasimamisha katikati kopo kubwa lililokatwa mfuniko na kitako, unajaza kokoto ndani ya kopo, unazungushia udongo nje yake mpaka ulingane, kisha unalivuta kopo juu taratibu kokoto zibaki zimesimama, unarudia hivo hivo mpaka gunia lijae. Ukimaliza katikati kunakuwa na nguzo ya mawe kutoka juu mpaka chini, ukimwaga maji yanashuka kwenye mawe na kusambaa pembeni, hayaishii juu tu huku chini kukavu. Ubavuni unatoboa matundu kwa zigizaga, siyo moja juu ya lingine maana udongo utaporomoka, unachomeka miche, na juu unapanda mingine. Anayeharakisha akajaza udongo mtupu bila nguzo ndo yule baada ya wiki chache analalamika miche ya chini yote imekufa na ati mbegu zilikuwa mbovu. Mbegu hazina kosa bwana, maji hayakufika.

Teknolojia ya maana kabisa hii. Kule Kibera, Nairobi, ilisambaa sana baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 na 2008, shirika la Solidarités likawa linagawa miche kwa familia na wengi waliolima walikuwa wanawake. Watu wanalisifia gunia kwa kusema halihitaji ardhi. Mi nikisikia hivo nasikia kitu kingine kabisa, kwamba huyu mama hana ardhi na hakuna aliyepanga kumpa. Gunia ni bustani ya mtu anayejua wakati wowote anaweza kuambiwa hama. Ni akili kubwa kwa upande wake, lakini ni aibu kwa upande wa wenye mji, na hilo la pili sijaliona kwenye makala hata moja.

Mkitaka kujua karatasi ya kiwanja ina maana gani someni yaliyotokea Los Angeles, Marekani. Kulikuwa na eneo la ekari kama 14 ambalo mji ulilichukua miaka ya 1980 ukitaka kujenga tanuri la kuchoma takataka, wakazi wa hapo wakalipinga wakishika mbele wanawake wa mtaa, tanuri halikujengwa. Baada ya ghasia za 1992 lile eneo likaachwa litumike kwa bustani, na kufika katikati ya miaka ya 1990 watu walikuwa wameshaanza kulima, wakaendelea mpaka ikawa familia karibu 350, wengi wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, wamepanda miti ya matunda, mboga, mitishamba, ikawa moja ya bustani kubwa za mjini nchi nzima. Mwaka 2003 mji ukamuuzia tena mmoja wa wenye eneo wa zamani. Tarehe 13 Juni 2006 polisi wakaja na matingatinga, mwigizaji maarufu Daryl Hannah alikuwa kapanda juu ya mti anagoma kushuka, haikusaidia. Kinachoniuma mi ni kwamba baada ya kung'oa kila kitu eneo lilikaa miaka na miaka limezungushiwa uzio halina kitu. Hao watu walikuwa na ujuzi, mbegu, umoja, wateja, vyote walikuwa navyo. Karatasi hawakuwa nayo.

Linganisha na New York. Mwaka 1973 mwanamama mmoja msanii, Liz Christy, na wenzake waliojiita Green Guerillas waliingia kwenye kiwanja kilichojaa takataka kwenye kona ya mtaa wa Bowery na Houston wakasafisha wakapanda. Mwaka uliofuata mji ukakubali kuwapangisha kwa dola moja kwa mwezi. Dola moja! Watu wanacheka lakini ile dola ndo ilikuwa mkataba, na mfano ule ukasambaa mji mzima mpaka kukawa na mamia ya bustani. Ila hata hapo ngoma haikuishia, kwa sababu mwaka 1999 meya Rudy Giuliani alitaka kupiga mnada bustani zaidi ya 100 kwa mkupuo, zikaokolewa dakika za mwisho na mashirika mawili yaliyochanga mamilioni ya dola kuzinunua, moja likiwa la mwigizaji na mwimbaji Bette Midler. Zilizonunuliwa zikawa salama maana sasa zina hati. Mnaona tofauti. Ile ya Los Angeles ilitetewa kwa machozi na hii kwa karatasi, na machozi yalikuwepo sehemu zote mbili.

Sasa kuna watu watasema hiyo ni Marekani, ardhi ni biashara, kwingine haiwezekani. Inawezekana. Rosario kule Argentina uchumi ulipoanguka mwishoni mwa 2001, watu wakiwa hawana kazi na mabenki yamefungia hela zao, manispaa ilianzisha mpango wa kilimo mjini mwaka 2002. Na jambo walilofanya ambalo mi nalipenda kuliko yote ni kwamba walikaa chini wakachora ramani ya ardhi tupu, pembezoni mwa reli, kando ya barabara kubwa, mabondeni pasipofaa kujenga, wakaigawa kwa walimaji kwa utaratibu unaojulikana, wakatenga na sehemu za kuuzia katikati ya mji. Wengi waliojiandikisha walikuwa wanawake. Siyo mradi wa mfadhili uliokuja na bendera ukaondoka, uliingizwa kwenye mipango miji na mpaka leo unatajwa. Havana nako, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991 mafuta na mbolea na chakula vikaacha kuja, serikali ya Kuba ikaruhusu watu kulima viwanja vitupu vya mjini kwa haki ya kutumia bila kumiliki, ukilima unakaa, ukiacha kinarudi. Siyo hati miliki, lakini ni bora mara elfu kuliko kulima kwa huruma ya diwani.

Na hapa siwezi kumruka Wangari Maathai. Kila mtu anamkumbuka kwa miti na Nobeli ya 2004 lakini mi namkumbuka kwa mambo mawili ambayo hayasemwi sana. La kwanza, harakati yake ya Green Belt iliyoanza 1977 iliwalipa wanawake kidogo kwa kila mche uliopona, siyo uliopandwa. Soma tena hapo. Uliopona. Maana yake hela inamfuata aliyemwagilia miezi yote, haimfuati aliyekuja siku ya uzinduzi. Kama miradi yetu ingelipa kwa kilichopona nadhani wageni rasmi wengi wangekosa safari. La pili, mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, alisimama akapinga, akatukanwa bungeni, akaambiwa mwanamke gani huyu, wawekezaji wakakimbia na jengo halikujengwa. Yeye alikuwa ameshaelewa kwamba kupanda mti na kugombania kiwanja ni kazi moja.

Tuje kwenye sanduku. Hapa ndo kwangu.

Ninaposema uchumi wa mshikamano watu wanadhani ni siasa au maneno ya semina, kumbe ni hivi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ushirika, upatu, kununua kwa pamoja, kuuza kwa pamoja. Ule mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao sa hizi uko kila mahali na sanduku lake lenye kufuli tatu, ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake ambao wengi wao walikuwa hawajui kusoma. Siku hizi wanachama kwa kawaida ni kati ya 15 na 25, wanachaguana wenyewe, kila mkutano mtu ananunua hisa na hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu chake, anayetaka mkopo anaomba mbele ya wote, na kuna mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa ambao hauna riba. Baada ya miezi 9 mpaka 12 sanduku linafunguliwa kila mtu anapata chake na faida. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti na sanduku linakaa kwa wa nne.

Wengi wanafikiri zile kufuli ni za kuzuia mweka hazina asiibe. Ni kweli kiasi. Ila kaa ndani ya kikundi utaona kazi yao nyingine kubwa zaidi, zinamlinda mama na watu wake mwenyewe. Hela ikiwa kwenye pochi au chini ya godoro atakuja mume, atakuja shemeji, atakuja kaka na stori ndefu, na ukimnyima we ndo mbaya wa ukoo. Hela ikiwa kwenye sanduku unajibu tu, siwezi kulifungua mpaka mkutano na ufunguo siyo mimi niliye nao. Hakuna ugomvi wala kuvunja undugu, na hela ya mbegu ya msimu ujao ipo. Mi nimeona wamama wapole kabisa ambao nyumbani hawawezi kusema hapana, kwenye kikundi wamejifunza kusema hapana kupitia kufuli.

Hili waliliona zamani wanawake wa Ahmedabad, India. Mwanasheria Ela Bhatt alipoanzisha chama cha wanawake waliojiajiri, SEWA, mwaka 1972, ofisi ya usajili ilikataa mwanzoni, ati nyie hamna mwajiri sasa chama cha wafanyakazi mtagombana na nani. Wauza mboga, wabeba mizigo, waokota makaratasi, wote walionekana siyo wafanyakazi. Wakashinda wakasajiliwa. Miaka miwili baadaye wakasema sasa tunataka benki, kwa sababu walikuwa wanakopa asubuhi kwa wakopeshaji wa mtaani na kurudisha jioni kwa riba ya kukatisha tamaa. Wanawake 4,000 wakachanga rupia 10 kila mmoja benki ikaanza 1974. Walipoambiwa hamwezi kusajili benki hamjui hata kuweka saini, waanzilishi wakakesha wanajifunza kuandika majina yao. Na wateja wasioweza kuandika wakawekewa picha kwenye kitabu cha benki. Leo hii ukienda sehemu unaambiwa jaza fomu ya kurasa tisa kwa lugha usiyoielewa ndo upate mkopo wa kununua keni mbili.

Sasa unganisha bustani na sanduku uone kinachotokea. Tatizo la bustani ndogo siyo kulima, ni kwamba wote mnapanda kitu kimoja wiki moja, zinakomaa siku moja, mnaenda kuuza sehemu moja, mnashushiana bei wenyewe kwa wenyewe mpaka mboga inarudi nyumbani imenyauka. Kikundi kinachokaa chini kupanga nani apande nini lini kimeshamaliza nusu ya tatizo kabla ya mbegu kuingia ardhini. Nusu nyingine ni mnunuzi. Cape Town shirika la Abalimi Bezekhaya, lililoanzishwa 1982 na ambalo walimaji wake wengi walikuwa wamama, lilianzisha 2008 utaratibu wa masanduku ya mboga, familia ilijiandikisha ikalipia, kila wiki ikapelekewa sanduku la mboga za msimu, mlimaji akajua kabla ya kupanda kwamba mboga hii ina mtu. Hiyo ndo tofauti kati ya kubahatisha na kufanya biashara. Na mshikamano siyo kwamba mnunuzi anakuonea huruma, hapana, anabeba na yeye sehemu ya hasara, mvua ikiharibu mboga sanduku la wiki hiyo linakuwa jepesi na anaelewa.

Upande wa wanunuzi nao wanaweza kuanza wao. Tokyo mwaka 1965 wanawake wapatao 200, wamama wa nyumbani tu, walijiunga kununua maziwa chupa 300 kwa pamoja ili wapunguziwe bei. Hiyo ndo ikazaa chama cha wanunuzi cha Seikatsu, ikasajiliwa ushirika 1968, ikakua ikawa inaagiza moja kwa moja kwa wakulima na kuwapangia masharti ya dawa za shambani, na baadaye wakachoka kuombaomba wanasiasa wakaanza kusimamisha wagombea wao kwenye mabaraza ya miji. Kutoka chupa za maziwa mpaka viti vya baraza. Hii ndo naiita kujikomboa, na hakukuwa na mgeni rasmi.

Msije mkadhani nasema vikundi ni peponi. Vikundi vina majungu, vina mwenyekiti wa maisha ambaye akiugua mikutano inasimama, vina yule anayekuja siku ya mgawo tu halafu ndo wa kwanza kuhoji hesabu. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuangalia watu wanaotumia kitu kwa pamoja, msitu, maji, malisho, kwa nini wengine wanadumu na wengine wanavunjika. Alichokiona kinaendana kabisa na ninachokiona kwenye kikundi: sheria watunge wanaotumia, ijulikane nani ni mwanachama na nani siyo, adhabu ianze ndogo ipande taratibu, na ugomvi umalizwe haraka karibu na bila gharama. Kikundi kilicholetewa katiba imechapwa tayari na mtu wa mradi kinavunjika mradi ukiisha, kwa sababu hakuna aliyeiumia kuitunga. Chetu tulibishana kuhusu faini ya kuchelewa mpaka watu wakanuniana, lakini ile faini sasa hakuna anayeibishia.

Kingine nakipitia haraka ila ni cha afya, udongo wa mjini. Petroli ya magari yenye madini ya risasi ilikomeshwa duniani mwaka 2021 nchi ya mwisho ikiwa Algeria, lakini risasi iliyomwagika miaka yote kando ya barabara haijaenda popote, na rangi za zamani za kuta nazo ni hivo hivo. Inaumiza akili za watoto. Kwa hiyo karibu na barabara kubwa au gereji tumieni udongo wa kuletwa kwenye gunia au tuta la kuinuliwa, osheni mboga vizuri, na kama hamna uhakika pandeni vinavyozaa matunda kama nyanya badala ya majani na mizizi, maana matunda yanabeba kidogo. Manispaa ingepima udongo ingekuwa msaada kuliko kofia na fulana wanazogawa.

Wanaume je, najua kuna msomaji ameshaandika barua ya kunijibu. Karibuni mlime, hakuna aliyewafukuza. Ila tumeshuhudia mara nyingi mboga zikiwa za mchuzi wa nyumbani ni kazi ya wanawake, siku mteja mkubwa akija anataka kilo nyingi kila wiki ghafla kiongozi wa kikundi ni mwanaume na akaunti ina saini zake. Vikundi vikiandika kwenye katiba mapema kwamba waweka saini wengi wawe wanawake na kiwanja kiandikwe jina la kikundi, hilo linakuwa limezuiwa kabla hela haijaanza kunukia. Baada ya hapo aje mwenye mikono.

Maneno makubwa ya kututetea yapo tayari. Shirika la Kazi lilipitisha azimio la uchumi wa jamii na mshikamano Juni 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likapitisha la kwake Aprili 2023, na mwaka 2025 ukatangazwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika. Sijaona kiwanja hata kimoja kilichoshuka kutoka kwenye hayo maazimio mpaka kwenye kikundi, sidhani kama na nyie mmekiona.

Kwa hiyo ninachowaomba ni hiki, na ni kazi ya gazeti hasa. Tumeni mwandishi mmoja manispaa akaombe orodha ya viwanja vyote vya umma vilivyokaa vitupu, kila kimoja ukubwa wake, kiko wapi, kimekaa kitupu tangu lini, nani amekiomba na amejibiwa nini. Watamzungusha, arudi tena. Wakisema orodha haipo, hiyo yenyewe ni habari, iandikeni ukurasa wa mbele. Ikipatikana ichapisheni yote hata kwa maandishi madogo, mitaa yote bila kuruka, sisi tutakata kipande chetu tubandike kwenye daftari la kikundi tuandike barua ya maombi tukiwa na namba ya kiwanja mkononi, na wale wanaovimezea mate kimyakimya nao watajua kwamba kuna watu wameviona.

Wenu,
Msomaji na mweka hazina wa kikundi